Emir Abdul Qadir: Mpiganaji aliyejua kumstahi adui

IJUMAA moja, miezi michache iliyopita, katika msikiti mmoja hapa Dar es Salaam, alikamatwa kijana akiiba viatu. Msomaji wa mjini hana haja ya kuelezwa sana. Swala imekwisha, watu wanatoka, mmoja anapiga kelele kwamba viatu vyake havipo, mwingine anamwona kijana anapita getini na kiroba kimevimba. Kwa kumkadiria, kijana yule hakuzidi miaka kumi na mitano.

Alipigwa. Alipigwa kwa mikanda, kwa ngumi na kwa viatu vile vile alivyoiba. Alikokotwa hadi kwenye mabomba ya kutawadhia na damu ikachuruzika pale pale ambapo nusu saa kabla tulikuwa tunaosha nyuso zetu. Waliompiga hawakuwa wahuni wa mtaani. Walikuwa maamuma, wengine kanzu zao bado zikinukia udi. Aliyemtoa mikononi mwao ni mzee mmoja muuza kahawa ambaye aliacha birika lake nje, akajipenyeza katikati ya watu na kumlalia yule kijana mpaka watu wakachoka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kandambili zangu mkononi.

Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari. Kwa kadari ya Allah, siku moja kabla ya tukio lile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu somo la akhlaq, na ndani yake nilizungumza kwa kirefu kuhusu muruwwa na futuwwa. Jumatatu nilipoingia darasani kijana mmoja alisimama na kuuliza kama yale yaliyotokea msikitini ndiyo muruwwa niliyowafundisha. Kisha akaongeza, kwa adabu zote, kwamba Ustadhi mwenyewe alimwona pale mlangoni. Nilimjibu kwamba wizi ni dhambi kubwa na hukumu yake inajulikana. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake. Kengele ililia, nikamshukuru Mola wangu kwa kengele ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafutia swali lile jibu. Sikulipata katika kurasa za tafsiri ya maneno, nimelipata katika maisha ya mtu. Leo namleta kwa wasomaji wa safu hii Emir Abdul Qadir al-Jazairi, mtu ambaye wengi wetu tunalijua jina lake tu kama mujahidi aliyepigana na Wafaransa, basi.

Kwanza niyafafanue yale maneno mawili. Neno la Kiarabu fata lina maana ya kijana, na Qur'an inalitumia kwa Nabii Ibrahim (AS) alipoyavunja masanamu, na kwa wale vijana wa pangoni. Kutokana nalo wakapata futuwwa: tabia za kijana kamili, yaani ushujaa, ukarimu, kutimiza ahadi, kumlinda mnyonge na kusamehe wakati una uwezo wa kulipiza. Wapanda farasi wa Kiislamu wa zama za kati walikuwa na kanuni hiyo, na masufi nao wakaiandikia vitabu. Muruwwa ni ndugu yake. Sisi Waswahili neno hili tunalo, tumelifupisha likawa murua, na siku hizi tunalitumia kusifia pilau na taarabu. Tunalo pia neno uungwana, ingawa uungwana wa Pwani zamani ulipimwa kwa nasaba: muungwana alikuwa yule asiyekuwa mtumwa. Futuwwa haina nasaba. Inapimwa kwa lile unalomtendea mtu ambaye hawezi kukufanya kitu.

Mtoto wa zawiya

Abdul Qadir alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, magharibi mwa Algeria, katika zawiya ya tarika ya Qadiriyya iliyokuwa ikiongozwa na baba yake, Sheikh Muhyiddin. Ni tarika ile ile ambayo watu wa Bagamoyo na Zanzibar wanaifahamu vyema, na jina lake alipewa kwa ajili ya Sheikh Abdul Qadir Jilani. Alihifadhi Qur'an akiwa mdogo, akasoma fiqhi, lugha na falsafa, na wakati huo huo akawa mpanda farasi ambaye katika nchi ile ya wapanda farasi alikuwa akitajwa kwa jina. Akiwa na umri wa miaka kumi na minane hivi alifuatana na baba yake kwenda Hijja, wakapita Tunis na Misri, kisha baada ya Makka wakaenda Damascus na Baghdad kulizuru kaburi la Sheikh Jilani. Walirejea nyumbani baada ya zaidi ya mwaka.

Mwaka 1830 Wafaransa waliteremka Algeria na Julai 5 mwaka huo mji wa Algiers ukaanguka. Utawala wa Waturuki ukasambaratika na nchi ikawa haina mwenyewe. Makabila ya magharibi yalimwendea Sheikh Muhyiddin awe kiongozi wao wa jihadi. Yeye akatoa udhuru wa uzee na kumpendekeza mwanawe. Novemba 1832, katika uwanda wa Ghris, Abdul Qadir akapewa bay'a. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Hebu tuwafikirie vijana wetu wa umri huo tunaowaita bado wadogo.

Kijana huyo alijenga dola. Aliligawa eneo lake katika majimbo na kuyawekea makhalifa, akawateua makadhi, akatoza zaka na ushuru, akapiga sarafu zake, akaanzisha viwanda vya bunduki na baruti, akaunda jeshi la kudumu lenye mafunzo na mishahara. Mwenyewe aliishi hemani na kuvaa joho la sufu la kawaida. Wafaransa walilazimika kuwekeana naye mkataba mwaka 1834. Walipouvunja akawapiga vibaya katika vita vya Macta, Juni 1835. Mei 30, 1837 Jenerali Bugeaud akatia saini naye mkataba wa Tafna ambao ulimwachia sehemu kubwa ya nchi ya ndani. Huo nao haukudumu. Mwaka 1839 majeshi ya Ufaransa yalipita katika ardhi ambayo Emir aliihesabu kuwa ni yake, na vita vikaanza upya.

Nisingependa msomaji adhani namchora malaika. Katika kuijenga dola ile Emir aliwapiga Waislamu wenzake waliokataa kumtii au waliojiunga na Wafaransa. Mwaka 1838 aliuzingira kwa miezi mji wa Ain Madhi, makao ya tarika ya Tijaniyya, na hatimaye kuta zake zikabomolewa. Wapo Watijani ambao mpaka leo hawalisahau jambo hilo, na wana haki yao.

Mateka

Lakini lililonifanya nimtafute ni habari za mateka wake. Vita vile vilikuwa vya kikatili, na desturi ya pande zote ilikuwa ni kukata vichwa. Wapiganaji wa makabila walikuwa wakilipwa kwa kila kichwa cha Mfaransa walicholeta, na upande wa Wafaransa nao vichwa na masikio ya Waarabu yalihesabika kuwa ni ushahidi wa kazi nzuri. Emir akaibadilisha desturi hiyo kwa watu wake. Alitoa amri kwamba malipo yatatolewa kwa mateka aliyeletwa hai na bila kudhuriwa, na askari atakayemtesa mateka ataadhibiwa. Mateka akiulizwa akasema kuwa alipigwa njiani, aliyemleta hapati kitu.

Hakuishia hapo. Mateka wanawake aliwaweka chini ya uangalizi wa mama yake mzazi, Lalla Zohra. Mateka waliougua walitibiwa. Walipewa chakula kile kile walichokula askari wake, na hakuna aliyelazimishwa kusilimu. Walimu wenzangu wanaofundisha Surat al-Insan wanajua kwamba kumlisha mateka kumetajwa humo pamoja na kumlisha maskini na yatima. Ni aya tunayoisoma haraka, labda kwa kuwa hatuna mateka.

Mwaka 1841 askofu wa Algiers, Dupuch, alimwandikia akimwomba amwachie mfungwa mmoja ambaye mkewe alikuwa akilia kwa ajili yake. Emir alimjibu kwa lawama ya kiungwana: kwamba mtu wa Mungu alipaswa kuomba wafungwa wote waachiwe, si mmoja, na tena alipaswa kuwakumbuka na Waislamu waliokuwa wakiozea katika magereza ya Wafaransa. Kutokana na barua hizo kukafanyika mabadilishano ya wafungwa, na askofu yule akawa rafiki yake mpaka kufa. Wakati mwingine, njaa ilipowabana watu wake kiasi kwamba hakuwa na cha kuwalisha mateka, Emir aliwaachia waende zao bila kudai fidia. Aliona si haki kumshikilia mtu usiyeweza kumlisha.

Upande wa pili ulifanya nini? Bugeaud alirudi kama gavana na kuanzisha vita vya kuchoma mashamba, kukata miti ya matunda na kuteka mifugo ili watu wafe njaa. Juni 1845, katika milima ya Dahra, Kanali Pélissier aliwasha moto kwenye midomo ya mapango waliyokimbilia watu wa kabila la Ouled Riah, wanaume, wanawake na watoto. Mamia walikufa kwa moshi. Pélissier hakushitakiwa. Baadaye alipewa cheo cha marshali na akaja kuwa gavana wa Algeria nzima.

Hapo ndipo penye mtihani. Tabia njema kwa adui mwenye tabia njema ni biashara tu. Emir alikuwa na kila sababu ya kulipiza, na watu wake walimshauri hivyo. Na kwa kweli jambo lilitokea. Aprili 1846, wakati yeye mwenyewe akiwa mbali sana mashariki akipigana, kambi yake iliyokuwa mpakani mwa Moroko iliishiwa chakula, na waliokuwa wakiisimamia wakawaua mateka wa Kifaransa, zaidi ya mia moja na hamsini. Wanahistoria wengi wanasema amri haikutoka kwake, na ipo kila dalili kwamba ilimuumiza. Lakini walikuwa watu wake. Siwezi kulificha hilo kwa sababu tu namsifu.

Kufikia miaka hiyo Ufaransa ilikuwa na askari zaidi ya 100,000 Algeria. Mei 1843 walikuwa wameiteka smala, yaani mji wake wa mahema uliokuwa ukihama, na ndani yake maktaba yake aliyoikusanya kwa miaka ikapotea. Agosti 1844 walimpiga Sultani wa Moroko katika vita vya Isly, na Sultani akaahidi kutompa Emir hifadhi tena. Desemba 1847 akawa amebanwa kati ya majeshi mawili, nyuma yake majeruhi, wanawake na wazee. Angeweza kupenya na wapanda farasi wachache kwenda jangwani na kuwaacha hao nyuma. Akakaa nao. Desemba 23, 1847 alijisalimisha kwa Jenerali Lamoricière kwa sharti moja: yeye na watu wake wapelekwe Alexandria au Akka, katika nchi za Waislamu. Jenerali akakubali kwa maandishi, na gavana, ambaye alikuwa mtoto wa mfalme wa Ufaransa, akaithibitisha ahadi. Siku iliyofuata Emir alimkabidhi gavana farasi wake.

Ahadi ilivunjwa. Meli haikwenda Alexandria, ilikwenda Toulon. Miezi miwili baadaye mfalme wa Ufaransa akapinduliwa na serikali mpya ikasema hilo si deni lake. Emir na karibu watu mia moja wakafungwa Toulon, kisha Pau, kisha katika ngome ya Amboise, jumla ya takriban miaka mitano. Watu wake 25, wakiwemo wanawake na watoto, walifia Amboise kwa baridi na maradhi na makaburi yao yako huko huko. Alipewa mashamba na heshima ikiwa atakubali kubaki Ufaransa kwa hiari yake na hivyo kuwaondolea aibu ya kuvunja ahadi. Akakataa. Hakutaka kuwasamehe ahadi yao, alitaka waitimize.

Katika kifungo kile alifundisha, alisoma, alipokea wageni. Miongoni mwa waliokuja kumwona walikuwa Wafaransa ambao zamani walikuwa mateka wake. Ofisa mmoja aliyeitwa Daumas, aliyemfahamu tangu siku za Mascara, alimwandikia maswali kuhusu farasi wa Kiarabu, na majibu ya Emir yakaingia katika kitabu cha Daumas kuhusu farasi wa Sahara. Jambo hili dogo linanipendeza. Mtu amenyang'anywa nchi, bado ana subira ya kumweleza adui namna ya kumtunza farasi.

Oktoba 16, 1852 Louis-Napoléon alifika Amboise mwenyewe na kumtangazia kuwa yuko huru. Emir naye akatoa ahadi kwamba hatarudi Algeria kupigana. Akaenda Bursa, Uturuki, na baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1855 akahamia Damascus.

Julai 1860

Sasa tumefika kwenye lile ambalo kijana wangu wa kidato cha tatu alikuwa akiliuliza bila kujua.

Mwaka 1860 vita vilizuka katika milima ya Lebanon kati ya Druze na Wakristo wa Maroni. Hasira zikasambaa hadi Damascus. Kulikuwa na sababu zake: mageuzi ya Dola ya Uthmaniya ya mwaka 1856 yaliwapa Wakristo haki sawa, mabalozi wa Ulaya walikuwa wakiingilia kila jambo, bidhaa za Ulaya zilikuwa zimeua kazi za mafundi wengi wa mjini, na baadhi ya Wakristo walionekana kufaidika. Emir alisikia fununu mapema. Alikwenda kwa gavana, Ahmad Pasha, akamwonya, akaambiwa hakuna kitu. Aliwaendea maulamaa na wakubwa wa mji. Mwishowe akakusanya fedha za silaha, nyingine kupitia ubalozi mdogo wa Ufaransa, na kuwapanga Waalgeria wenzake waliohamia Sham pamoja naye. Walikuwa kiasi cha elfu moja.

Julai 9 mji ulilipuka. Makundi yaliuvamia mtaa wa Wakristo yakiua, yakipora na kuchoma nyumba. Emir na wanawe na watu wake waliingia katika vichochoro vile wakiita watu watoke wafuatane nao. Walileta mabalozi, mapadri, masista pamoja na watoto yatima waliokuwa wakiwalea, na maelfu ya watu wa kawaida ambao hakuna aliyeyaandika majina yao. Nyumba yake ilipojaa pakawa hapana nafasi hata ya kukaa, akawapeleka kwa makundi hadi katika ngome ya mji chini ya ulinzi wa watu wake. Kisha akatangaza kwamba atampa piastre 50 kila atakayemletea Mkristo akiwa hai. Ndiyo amri ile ile ya Algeria, miaka ishirini baadaye. Inasimuliwa kwamba alitandika mkeka mlangoni pake, mfuko wa fedha ubavuni, akakaa hapo usiku na mchana akipokea watu.

Kundi la watu wenye silaha lilifika mlangoni kumtaka awatoe Wakristo. Aliwatokea. Aliwaambia kwamba wanalolifanya linaivunja sheria ya Mwenyezi Mungu na kwamba maadamu amebaki askari wake mmoja amesimama, hatawapa hata mtu mmoja. Wao wakamshangaa: si wewe uliyewaua Wakristo miaka kumi na mitano? Akajibu kuwa aliwapiga wale waliomjia na silaha katika nchi yake, na hawa hawakumpiga vita. Akataka farasi wake. Kundi likaondoka.

Idadi ya waliookolewa wengine wanaifikisha elfu kumi na zaidi. Tuseme maelfu, inatosha. Wala hakuwa peke yake. Katika mtaa wa Midan wapo wakubwa wa Kiislamu walioyalinda majumba ya jirani zao Wakristo, na maulamaa kadhaa waliwaficha watu ndani ya nyumba zao. Habari hizi sisi wenyewe hatuzisimulii, kisha tunalalamika kwamba wengine hawazisimulii.

Baada ya hapo zikaja nishani: kutoka Ufaransa, Urusi, Ugiriki, kwa Papa. Rais Lincoln wa Marekani alimpelekea bastola mbili. (Huko Marekani kuna mji mdogo katika jimbo la Iowa uliopewa jina lake tangu 1846, Elkader.) Lakini barua ambayo naamini ilimgusa zaidi ilitoka kwa Imam Shamil wa Dagestan, aliyewapiga Warusi kwa robo karne na wakati huo alikuwa mateka wao. Shamil alimpongeza kwa kuisimamisha sheria ya Mtume (SAW) pale ambapo wajinga waliivunja, na Emir akamjibu kwa unyenyekevu kwamba hakufanya zaidi ya wajibu wake. Hao wawili walipigana na makafiri zaidi ya yeyote anayepiga kelele leo, na hawakuona mgongano wowote.

Wapo wanaomlaumu Emir mpaka sasa kwa nishani zile na kwa posho aliyopokea kutoka Ufaransa. Yapo pia mabishano kuhusu uhusiano wake na Freemason, ambayo ukoo wake na wanahistoria wa Algeria wameyapinga, na sitayaingia hapa. Lililo zito zaidi kwangu ni la mwaka 1871. Algeria iliasi chini ya Mokrani, na mtoto wake mmoja, Muhyiddin, alikwenda kujiunga. Emir alimkana mwanawe hadharani. Alikuwa ameahidi, na ahadi yake hakuitegemeza juu ya uaminifu wa Wafaransa ambao ya kwao waliivunja kwanza. Nakiri kwamba hapa moyo wangu unasita. Wanafunzi niliowasimulia waligawanyika nusu kwa nusu, na nikawaacha wabishane.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kufundisha hadithi na tasawwuf. Aliwatuma maulamaa wawili hadi Konya kuihakiki Futuhat ya Ibn Arabi kwa nakala ya mkono wa mwandishi mwenyewe, na mafunzo yake yakakusanywa katika Kitab al-Mawaqif. Alifariki Mei 26, 1883, akazikwa Salihiyya, ubavuni mwa Ibn Arabi. Baada ya Algeria kupata uhuru mwaka 1962 mabaki yake yalirudishwa nyumbani na kuzikwa katika makaburi ya El Alia, Algiers.

Nilipomaliza kuwasimulia, yule kijana aliinua mkono tena. Alisema Emir alikuwa na watu elfu moja wenye bunduki, na Ustadhi siku ile alikuwa peke yake. Alikuwa ananitafutia udhuru, Allah amlipe. Nikamkumbusha kwamba muuza kahawa naye alikuwa peke yake.

Nimemtafuta yule mzee. Anauza kahawa yake karibu na soko, na nilipomtajia habari ile alichukua muda kuikumbuka. Kijana mwiba viatu sijampata, inasemekana alirudishwa kwao mkoani. Imamu wa msikiti wetu amenipa dakika kumi za kuzungumza baada ya swala ya Ijumaa ijayo. Nitawasimulia habari za Damascus, lakini nitaanza kwa kuwaambia kwamba siku ile nami nilikuwepo, pale mlangoni.